Muzee wa Bandarini Anajibu: Alishinda Usiku, Mbona Akaondolewa?

SWALI: Muzee, salamu nyingi kutoka Goma. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Himbi. Mwalimu wetu wa historia alitutajia amirali mmoja wa Japani, Tanaka Raizō. Alisema usiku mmoja wa mwaka 1942 alizipiga manowari kubwa za Marekani akiwa na vyombo vidogo tu, na mwezi mmoja baadaye wakubwa wake wakamwondoa. Darasa zima tulibishana. Mtu anayeshinda anaondolewaje? Wenzangu wanasema mwalimu amechanganya majina. Wewe uliyeendesha boti miaka mingi, utuambie.

JIBU: Mjukuu wangu, mwalimu hakuchanganya kitu. Ila ninyi mmebishana juu ya meli ngapi zilipigwa. Sisi wa bandarini tunauliza kwanza: alikuwa amepakia nini?

Alikuwa amepakia chakula. Mchele na shayiri ndani ya mapipa.

Tanaka alizaliwa 27 Februari 1892 katika mkoa wa Yamaguchi, akamaliza chuo cha wanamaji mwaka 1913. Ufundi wake ulikuwa topido, bomu lenye injini linalokwenda ndani ya maji kuipiga meli; aliusoma na akaufundisha. Septemba 1941 alikabidhiwa kikosi cha pili cha manowari nyepesi, zile zinazokwenda mbio, na mwezi uliofuata akapata cheo cha kwanza cha uamirali. Siku aliyotimiza miaka 50 alikuwa kwenye mapigano ya bahari ya Java. Sijui kama kuna mtu alimkumbuka kwa kikombe cha chai.

Taabu yake ilianza Guadalcanal, kisiwa cha Solomon, mbali kabisa upande wa kusini wa Pasifiki. Wamarekani walishuka hapo 7 Agosti 1942 na kuteka uwanja wa ndege ambao Wajapani walikuwa karibu kuumaliza. Tangu siku hiyo, meli ya Kijapani iliyoonekana karibu na kisiwa mchana ilikuwa imekwisha. Tanaka mwenyewe alionja 25 Agosti: bomu liliipiga meli yake Jintsu, akaanguka na kuzimia. Alipopata fahamu alihamia meli nyingine, akaendelea na kazi.

Novemba walijaribu kwa nguvu. Walimpa meli 11 za mizigo, zimejaa askari, azifikishe. Tarehe 14 ndege ziliwashukia mchana kutwa. Sita zikazama, moja ikageuzwa ikiwa mahututi, nne alizipeleka usiku zikapande mchanga wa ufukoni, kwa sababu kulipopambazuka zingechomwa tu, na kweli zilichomwa. Kilichofika pwani: askari kama 2,000, masanduku 260 ya risasi, magunia 1,500 ya mchele. Maelfu ya watu walikuwa wanangoja kula kutoka kwenye magunia hayo.

Hapo ndipo mapipa yalipoingia. Pipa linasafishwa, linatiwa mchele, lakini halijazwi, maana likijaa linazama. Linafungwa kwa kamba moja na mengine mengi. Manowari inafika usiku, inapunguza mwendo, inayatupa majini, inageuka mbio kabla ndege hazijaamka. Watu wa pwani wanaletewa ncha ya kamba, wanavuta. Kutoka kituo chao cha visiwa vya Shortland hadi hapo ni zaidi ya kilomita 500. Ziwa letu lote la Kivu lina urefu wa kilomita 90 hivi, na sisi kwa boti ya mizigo tulikuwa tunatoka Bukavu jioni kufika Goma alfajiri.

Kazi hiyo ya kamba ninaijua. Siku moja, nikiwa bado kijana, tulipeleka bidoni 40 za mawese kisiwani Idjwi, mahali pasipo na gati. Mawese ni mepesi kuliko maji, bidoni inaelea hata ikijaa. Tukazifunga kamba, tukazishusha, watoto wa pale wavute. Wimbi likaja la ubavu, kamba ikakatika kwenye jiwe. Zilifika 29. Mama mwenye mali alikuwa amesimama kwenye mchanga na kitenge chake. Nilianza kumweleza habari za upepo. Hakunijibu. Alikuwa anahesabu.

Sasa rudi kwa usiku wenu, 30 Novemba 1942, mbele ya Tassafaronga. Tanaka ana manowari nane nyepesi. Sita zimebeba mapipa, 200 mpaka 240 kila moja, na ili zisielemewe zimeacha nyuma topido za akiba. Wamarekani wanamngoja na kruza tano, yaani manowari kubwa, na manowari nyepesi sita, na wana rada. Wajapani wanakaribia pwani, mapipa yako tayari kutupwa, ndipo Takanami, iliyowekwa mbele kama mlinzi, inatoa habari ya adui. Tanaka anaamuru: acheni mapipa, shambulieni. Mizinga mingi ya Marekani ikaiangukia Takanami. Wenzake wakatumia mwanga wa mizinga hiyohiyo kulenga, wakaachia topido, wakageuka. Northampton ilizama. New Orleans na Minneapolis zilivunjwa pua, Pensacola ikaungua. Karibu Wamarekani 400 walikufa. Tanaka alipoteza Takanami peke yake, pamoja na wengi wa watu wake.

Na mapipa? Hakuna hata moja lililofika usiku ule. Kule kisiwani watu walikuwa wanakula mizizi na majani. Wajapani wenyewe walikuwa wanakifupisha jina la kisiwa kuwa Gatō, na kwa maandishi yao wakalipa maana ya kisiwa cha njaa. Kwa hiyo Marekani ilihesabu kruza zake ikamwogopa Tanaka, na wakubwa wa Tanaka wakahesabu mapipa wakamlaumu. Mimi siwezi kusema wakubwa walikosea hesabu. Walikosea kumtuma.

Alirudi 3 Desemba. Yakatupwa mapipa 1,500. Tarehe 7 wenzake walifukuzwa njiani na ndege na boti ndogo za topido. Usiku wa 11 akaenda tena na mapipa 1,200. Boti hizo ndogo zikaizamisha meli aliyopanda, Teruzuki, naye akaumia. Yaliyovutwa pwani safari ile ni kama 220.

Wakati wote huo alikuwa anawaambia wakubwa waziwazi kwamba kisiwa kiachwe, watu waondolewe. Wanahistoria wengi wanaona mdomo huo ndio uliomponza. Mwisho wa Desemba akaondolewa, akapelekwa Singapore. Na tarehe 31 ya Desemba hiyohiyo, Tokyo ikakubali kuwa kisiwa kiachwe! Februari 1943 manowari nyepesi zikaenda usiku kuwachukua watu zaidi ya 10,000 waliobaki. Waambie wenzako darasani wabishane juu ya tarehe hizo mbili.

SWALI: Muzee, nimesikia topido za Wajapani zilikuwa hazionekani. Ni dawa au ni maneno ya watu? Fundi wa injini, Ibanda.

JIBU: Fundi, hakuna dawa. Topido za wengine zilichoma mafuta kwa hewa ya kawaida, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, isiyoungua wala kuyeyuka vizuri majini, inapanda juu kama povu na kuchora mstari. Wajapani walitia oksijeni safi. Moshi wake unayeyuka majini, povu linabaki kidogo mno, hasa usiku. Ilikuwa nene sentimita 61, na kichwani baruti karibu kilo 490. Kwa mwendo wa taratibu ilifika kilomita 40: ukiiachia ufukoni Goma, Idjwi ingegongwa. Ila wewe unajua oksijeni ikikutana na grisi inavyolipuka. Meli iliyopigwa ikiwa imezibeba ililipuka kuliko adui alivyotarajia.

SWALI: Baba, huyo Tanaka uliyemtaja juzi redioni aliishia wapi? Mama wa dagaa, Minova.

JIBU: Mama, alimaliza vita nchi kavu, Burma, akiongoza kituo cha wanamaji. Oktoba 1944 walimpandisha cheo, lakini kikosi cha manowari hakurudishiwa. Tanaka alikufa 9 Julai 1969, ana miaka 77.

Mwaka 1956 jarida la wanamaji la Marekani lilichapisha maandishi yake juu ya Guadalcanal. Sifa za Tassafaronga anazikataa, anasema ni za watu wa kikosi chake. Lakini akifika kwenye safari ya 3 Desemba anakasirika, miaka 14 baadaye: pwani hakukuwa na watu wa kutosha wa kuvuta, waliokuwepo walikuwa hoi, kamba zilinasa na kukatika. Kati ya mapipa 1,500, anaandika, yalifika 310.