Kwa anayetaka kusoma saikolojia: njia niliyopita mimi, utafiti wangu na kazi za mtaani

Mleta uzi kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Baba yake anataka asome sheria, yeye moyo wake uko kwenye saikolojia. Ameuliza masomo yakoje, utafiti watu wanaupataje, na kama kujitolea mtaani kuna faida au ni kupoteza muda. Waliotangulia wengi wamejibu habari ya mshahara. Mdogo wangu, mimi nitakujibu habari ya kazi yenyewe, kwa kuwa niko ndani yake. Nimemaliza shahada ya kwanza, nikakaa nyumbani karibu miaka miwili bila ajira, na sasa niko uzamili.

Kwanza ujue tofauti, maana hata nyumbani kwetu iliwachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili husoma kwanza udaktari wa binadamu miaka mitano, anafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, ndipo anarudi chuo kubobea. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia hapiti njia hiyo. Na shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtoa tiba. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ipo shahada ya elimu katika saikolojia, kwa hiyo utasoma pia ualimu. Ukitaka kukaa na wagonjwa, utahitaji uzamili wa saikolojia tiba, kama ule wa Muhimbili. Mwambie mzee hayo mapema, asije akadhani baada ya miaka mitatu utafungua chumba cha kuonea wagonjwa.

Mwaka wa kwanza utasoma historia ya fani: Wundt na maabara yake ya Leipzig mwaka 1879, Pavlov na mbwa wake, Freud, Piaget. Hayo yanasomeka. Kinachoangusha watu ni takwimu. Wengi tunatoka michepuo ya sanaa, tumeagana na hesabu tangu kidato cha nne. Mimi nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu mwaka wa pili, nikaikalia likizo nzima na dada mmoja wa mwaka wa tatu mpaka nikaielewa. Usiikwepe, kwa sababu huko mbele kila utafiti utapita humo.

Sasa utafiti. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoipenda fani hii kwa dhati.

Mwaka wa tatu nilichagua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, ya akina mama waliotoka kujifungua. Kuna dodoso linalotumika dunia nzima, lilitungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987. Lina maswali kumi, kila swali lina alama sifuri hadi tatu, na linahusu siku saba zilizopita. Tafsiri za Kiswahili zimeshafanywa, ila msimamizi wangu alitaka nitafsiri kwanza mwenyewe kabla sijagusa kazi ya mtu. Utaratibu ni kwamba mmoja anatafsiri kuja Kiswahili, mwingine ambaye hajaona dodoso la asili anairudisha kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Ndiyo njia aliyoieleza mtafiti Brislin mwaka 1970, na darasani utaisikia sana. Zetu zililingana vizuri. Tukajiona tumemaliza.

Kumbe bado. Niliipeleka kwenye zahanati moja wilaya ya Bagamoyo, siku ya kliniki ya watoto. Swali la kwanza linauliza kama mama ameweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo. Nikamsomea mama mmoja, mtoto kamlaza mapajani, kanga kaifunga kiunoni. Akanyamaza. Halafu akaniuliza taratibu, "Upande upi, mwanangu?" Nikarudia. Akageuka kumwangalia jirani yake kwenye benchi, naye hakuelewa. Kila neno lilikuwa Kiswahili, lakini sentensi haikuwa Kiswahili. Nilipomuuliza tu, "Mtu akisema jambo la kuchekesha, siku hizi unacheka kama zamani?" akajibu papo hapo: "Nacheka kwa mdomo. Moyoni sina raha."

Swali la saba nalo. Linauliza kama huzuni imemnyima mama usingizi. Mama mwenye mtoto wa wiki sita halali, huzuni iwepo isiwepo! Wote walisema hawalali. Ilibidi nitenganishe: mtoto akilala, na wewe usingizi unakuja? Hapo ndipo majibu yalipoanza kutofautiana.

Nilijaza daftari zima maneno yao. Neno "sonona" lenyewe wengi hawakulitumia, walilisikia redioni. Wao walisema nina mawazo, moyo mzito, kichwa kimejaa, najisikia mnyonge, mwili hauna nguvu. Wengine walianza na mgongo au mapigo ya moyo na hawakutaja huzuni kabisa mpaka mazungumzo yamefika mbali. Wenzetu Zimbabwe walipita njia hiyohiyo. Daktari Dixon Chibanda na wenzake walijenga huduma ya Benchi la Urafiki kwa kuanzia na neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na wanaokaa kwenye benchi kusikiliza ni bibi wa mtaani waliofundishwa. Jaribio lao la kliniki 24 za Harare lilichapishwa mwaka 2016, na waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisoma makala ile niliona daftari langu lina thamani.

Jambo la uzito zaidi ni swali la kumi, la mawazo ya kujidhuru. Hapa Tanzania kujaribu kujiua ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya nako lilikuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kinapingana na Katiba. Sasa fikiria unamuuliza mama swali hilo, na kiongozi wa mtaa aliyekupeleka kakaa hatua tatu kutoka hapo. Atakujibu nini? Siku ya kwanza wote walisema hapana. Siku ya pili nilimwomba muuguzi atuazime chumba cha chanjo kikishakuwa kitupu, tukafunga mlango, na mama wawili wakasema ndiyo. Namshukuru Mungu msimamizi wangu alinilazimisha niwe na namba ya mtu wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya kabla sijatoka chuo. Tulikaa nao mpaka mtu huyo akapatikana, na mmoja nilimsindikiza mwenyewe. Mdogo wangu, usiulize swali la kumi kama huna mahali pa kumpeleka atakayekujibu ndiyo. Hili nalisema kwa msisitizo kwa kuwa nimeona wanafunzi wanakusanya majibu hayo na kuondoka na karatasi zao.

Vibali vianze mapema: kibali cha maadili, barua ya chuo, kisha mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Mimi vilikula wiki saba, na boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeisha.

Kuhusu kujitolea. Nilipomaliza chuo sikuwa na kazi, nikaanza kwenda na mama yangu mdogo kwenye kikoba chao Mbagala kila Jumamosi. Wakishahesabu hisa na kufunga sanduku, walinipa robo saa. Mwezi wa kwanza niliongea mimi, na walinisikiliza kwa adabu tu. Mwezi wa pili nikauliza, "Nani alikukanda ulipojifungua?" Hapo hata robo saa haikutosha. Wazee walieleza arobaini zao: maji ya moto asubuhi na jioni, uji, bibi akimshika mtoto ili mama alale. Binti mmoja aliyepanga chumba peke yake akasema yeye alitoka hospitali, kesho yake akafua. Walinyamaza wote. Wiki iliyofuata wawili walikuwa wameshapangiana zamu ya kwenda kwake.

Utafiti wangu wa uzamili umetoka kwenye kikoba hicho: je, mama aliyekandwa na kukaa arobaini na watu wake ana tofauti na aliyejifungulia mjini bila mtu? Jibu sina bado. Huenda nikakuta arobaini zenyewe kwa wengine ni mzigo, maana yupo aliyeniambia mama mkwe aliyekuja kumkanda ndiye aliyekuwa akimliza. Na huyo lazima aingie kwenye dodoso.

Kwa hiyo usisubiri chuo. Kabla dirisha la udahili halijafunguliwa una miezi kadhaa. Nenda zahanati ya karibu na kwenu, umwone mganga mfawidhi, uombe kusaidia siku za kliniki, hata kupanga kadi na kupima uzito watoto. Beba daftari. Majina usiandike, andika namna watu wanavyosema hawajisikii vizuri. Na mzee akikuuliza unafanya nini huko, msomee ukurasa mmoja.