Bolti za feni ya Land Rover ya zamani: usikubali kuambiwa "bolti ni bolti"

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia. Feni ya Land Rover yake, Series III, inagonga, bolti moja imekatika, na fundi anataka kumfungia ya Toyota. Ndugu yangu, mwambie aweke spana chini kwanza. Somo hilo mimi nimeshalilipia.

Land Rover yangu, 109, ile ndefu, niliachiwa na marehemu baba. Injini ni ileile ya petroli, cc 2286, na feni imefungwa kwenye puli ya pampu ya maji kwa bolti nne. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, haipumziki. Nilipobadilisha pampu, fundi wa Dar es Salaam niliyemwamini alipoteza bolti mbili, akafidia kwa za milimita 6. Nikamuuliza mbona zinacheza kwenye tundu. Akanijibu, "Mzee, bolti ni bolti." Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Siku ya safari ya Moshi, Chalinze, Segera, Mombo, tukapita salama. Tulipokaribia Hedaru, jua la saa nane, nikasikia mlio kama mtu anapiga sufuria. Kabla sijatoka barabarani zile mbili zimeachia, feni imeenda upande, mapanga yamechana rejeta. Maji yote chini. Nilikuwa na mama, tunawahi msiba Moshi. Tulipofika, watu walikuwa wameshazika.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa. Land Rover ilianza mwaka 1948, na mwaka huohuo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia nyuzi za inchi za aina moja. Gari za mwanzo zilikuwa na nyuzi za kale za Kiingereza. Za baadaye zikahamia nyuzi hizo za makubaliano, yaani UNF, zenye nyuzi zilizosongamana, na UNC, zenye nyuzi zilizoachana, lakini mchanganyiko haukuisha. Nilipopima bolti zangu mbili zilizosalia nilikuta robo inchi, yaani milimita 6.35, zenye nyuzi 28 kwa kila inchi. Ya milimita 6 ya kawaida ni nyembamba, na nyuzi zake ni kama 25 tu kwa inchi. Inaingia mizunguko michache, inakwama, fundi anaongeza nguvu, nyuzi zinasagika ndani, naye anaona imekaza.

Hata hivyo usinunue kwa namba zangu. Pampu yako huenda imeshabadilishwa mara tatu na watu usiowajua. Fungua bolti nzima iliyobaki, ilaze ubavuni mwa ile mpya, uzitazame kwenye mwanga. Nyuzi zikilaliana bila mwanya, hiyo ndiyo. Kisha iingize kwa vidole hadi ndani kabisa. Ikigoma, irudishe dukani, usiipelekee spana. Angalia na urefu: ikizidi, inatokeza nyuma ya puli na kukwaruza mwili wa pampu. Na zote nne ziwe za aina moja, na washa zake, maana feni haitaki upande mmoja uwe mzito.

Wengi wanapenda zile zinazong'aa, zisizoshika kutu. Mimi sizifungi kwenye feni. Za kawaida za namna hiyo, zenye alama A2-70, zinazidiwa nguvu na bolti za chuma zenye alama 8.8. Kwa bolti za inchi, tafuta mistari mitatu juu ya kichwa. Hiyo ni alama ya daraja la 5 la uimara. Kichwa kitupu kisicho na alama yoyote, kiache.

Za kwangu nilihangaikia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, siku mbili, duka kwa duka, nikitolewa za milimita tu. Mwisho nilizipata Moshi, kwenye duka la vipuri vya matrekta! Massey Ferguson za zamani, kama 135, nazo zimejaa nyuzi za inchi. Mzee wa duka aliichukua bolti yangu, akaivingirisha kati ya vidole, akaenda moja kwa moja kwenye kopo lake. Hakupima kitu. Nikanunua nane.

Wenye magari haya, tuache kuona haya mbele ya mafundi. Gari ni lako, na mama anayekaa kiti cha pembeni ni wako. Uliza. Shika bolti kwa mkono wako. Fundi akikasirika, akasirike.

Nne zipo kwenye feni, nne nimezifunga kitambaa ndani ya sanduku la spana. Wewe wa Morogoro, kesho asubuhi tia bolti yako mfukoni, uanzie kwa wauza vipuri vya matrekta.