Anza na chenji ya mtu

Mdogo wangu, umesema unajiona huna thamani juu wenzako washapata kazi na wewe bado wauza maji pale feri Likoni. Pole sana. Mi nilikuwa hivyo hivyo nikiuza viazi soko la Kongowea, vilivyooza navificha chini ya fungu, pesa naingiza lakini mtu akinitazama usoni naangalia chini. Siku moja mama mmoja mteja kaniachia shilingi 200 zaidi, nikamkimbilia hadi steji nikamrudishia, wallahi usiku ule nililala fofofo. Basi anza na mambo madogo tu, chenji rudisha kamili, ukisema utafika saa moja fika saa moja, na ukikosea omba msamaha hata kwa mtoto. Jaribu wiki mbili alafu uniambie.