Mtoto hakohoi, mbona kaandikiwa dawa za TB?

*Shikamoo daktari. Mume wangu amegundulika na TB ya mapafu. Zahanati walitupima nyumba nzima, wakasema mwanangu wa miaka miwili na nusu hana TB, lakini wamempa vidonge vya miezi mitatu. BCG alichanjwa alipozaliwa na anacheza vizuri tu. Anywe dawa za nini?*
Mama, Kahama

Marahaba mama. Mpe, tena bila kuruka siku. Hizo ni dawa za kinga. Mtoto anayelala chumba kimoja na mtu anayekohoa TB huvuta vijidudu vile vile. Kwa mtu mzima vijidudu hivyo mara nyingi hulala mwilini miaka mingi bila kumuuguza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 vinaweza kuamka ndani ya miezi michache na kufika hadi kwenye ubongo. BCG hupunguza hatari ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, ila haitoshi kumkinga mtoto anayeishi na mgonjwa. Ndiyo maana Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma unataka watoto wa nyumba ya mgonjwa wachunguzwe, na wadogo wasio na TB wapewe kinga, bure.

Vidonge vya kinga ya miezi mitatu ni rifampisini na isoniazidi kwa pamoja, miligramu 75 na 50, na dozi hufuata uzito: kilo 4 hadi chini ya 8 kidonge 1, kilo 8 hadi chini ya 12 viwili, kilo 12 hadi chini ya 16 vitatu, kilo 16 hadi chini ya 25 vinne. Mtoto aliyeanza na kilo 11.6 anaweza kufika 12 mwezi unaofuata na dozi ikapanda, kwa hiyo apimwe uzito kila mnapochukua dawa.

Weka vidonge kwenye maji safi ya kunywa, mililita 50 (vijiko 10 vya chai), koroga mpaka viyeyuke, anywe ndani ya dakika 10. Suuza kikombe kwa maji kidogo, anywe na hayo, maana dawa hubaki chini. Asubuhi kabla ya kula ni bora. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa si tatizo. Macho yakiwa ya njano, au akitapika mfululizo na kukataa chakula, simamisha dawa na umpeleke siku hiyo hiyo.

Usimkatie kamwe kipande cha kidonge cha baba yake. Kile kina dawa nne kwa vipimo vya mtu mzima. Pia uliza kama kipimo cha baba kilionyesha usugu kwa rifampisini, kwani hapo kinga ya mtoto hubadilika.

*Mtoto wa dada yangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Amekohoa wiki tatu na uzito hauongezeki. Hospitali wameomba kinyesi. TB inaonekanaje huko?*
Msomaji, Tabora

Mtoto wa umri huo hawezi kutema makohozi, huyameza. Vijidudu hupita tumboni na mashine ya GeneXpert huweza kuvikuta kwenye kinyesi. Kinatakiwa kidogo tu, kisichochanganyika na mkojo.

Majibu yakisema hakuna TB, msirudi nyumbani mkidhani yamekwisha. Watoto huwa na vijidudu vichache na kipimo hukosa wengi. Daktari anaweza kuanza matibabu kwa kutazama dalili, picha ya kifua, kama yupo mgonjwa wa TB nyumbani, na kadi ya kliniki. Nendeni na kadi hiyo: mstari wa uzito uliolala miezi miwili mitatu ni ushahidi mkubwa. Akilegea, akipata degedege au shingo ikikakamaa, msingoje majibu, mpelekeni hospitali.

*Nina TB na nina kichanga. Niendelee kunyonyesha?*
Mama, Mbeya

Endelea. Dawa hupita kidogo sana kwenye maziwa na hazimdhuru. Vaa barakoa unaponyonyesha, fungua madirisha, na usiruke dozi zako. Mpeleke akachunguzwe upesi. Asipokuwa na TB ataanza kinga. Kama hajapata BCG, mwambie nesi kabla hajamchoma: huahirishwa mpaka amalize dawa za kinga, kwa kuwa isoniazidi na rifampisini huua vijidudu hai vya chanjo hiyo.