Kidole gumba au mausi? Maswali yenu ya gemu

Maswali ya safari hii yametoka huku huku nyanda za juu, na karibu yote yanahusu zile kompyuta za gemu za kushika mkononi ambazo vijana wameanza kuletewa na ndugu walioko nje.

Naishi Mwanjelwa, Mbeya. Kaka aliniletea Steam Deck, nacheza Counter-Strike 2. Wenzangu wenye kibodi na mausi wananimaliza kila raundi. Tatizo ni mimi au kifaa?

Mdogo wangu, kabla hujajilaumu, tazama mkono wako unafanya nini. Mwenye mausi akiisogeza, shabaha inahama na kusimama pale pale mkono uliposimama. Analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, haiko hivyo. Ukiisukuma, unaiambia gemu igeuke kwa kasi gani, kisha ni juu yako kuiachia kwa wakati. Ukichelewa kidogo tu, umeshampita adui. Kidole gumba chako kinapambana na mkono mzima, kuanzia kiwiko. Gemu nyingine za risasi humsaidia mwenye pedi (kifaa cha kuchezea chenye analogi na vitufe) kwa kuivuta shabaha kuelekea kwa adui. Counter-Strike 2 haina huruma hiyo. Na kioo chako ni cha inchi 7 hivi, pikseli 1280 kwa 800. Adui aliyejibanza mwisho wa uchochoro anaonekana kama punje ya ulezi.

Lakini usikiuze. Ingia kwenye mipangilio ya Steam, washa kihisi cha mwendo kifanye kazi ya mausi pale tu kidole kinapogusa analogi ya kulia. Geuka kwa analogi, halafu malizia kulenga kwa kukiinamisha kifaa chenyewe, kidogo sana. Siku za mwanzo utahisi kama umepanda baiskeli ya mtu mwingine. Vumilia wiki mbili. Mimi kwa njia hiyo nilifika mahali pa kupambana nao, ila pa kuwazidi sikufika, na sitakudanganya kwamba wewe utafika.

Ukitaka kuwazidi, dawa iko kwenye tundu la USB-C pale juu. Chomeka kigawa tundu, kibodi, mausi ya waya na skrini ya mezani, umepata kompyuta kamili. Ukiunga skrini kubwa usipandishe ubora wa picha, maana mashine ni ile ile.

Nasoma chuo Iringa, nimedunduliza pesa kwa ajili ya Valorant. Nichukue Steam Deck au ROG Ally?

Kwa Valorant, usichukue hata moja. Gemu hiyo haifunguki bila Vanguard, programu yake ya kuwazuia wadanganyifu, ambayo inadai Windows. Steam Deck inatumia SteamOS, ambayo msingi wake ni Linux, kwa hiyo umefungiwa mlangoni. ROG Ally inakuja na Windows 11, itaifungua, lakini Valorant ya kompyuta haipokei pedi. Utaishia kununua kibodi na mausi, uviunge kwenye kioo cha inchi 7. Pesa hiyo itafute kompyuta ya mezani.

Inaniuma sana mtu anaponunua kwanza ndipo aulize. Hata aliyeuliza mapema anaweza kugeukwa: Apex Legends ilikuwa ikichezeka kwenye Steam Deck hadi mwisho wa Oktoba 2024, kisha watengenezaji wake wakaifunga kwa wanaotumia Linux.

Mwanangu anasema kifaa hiki kitamfaa umeme ukikatika. Ni kweli au ananirubuni? Mama, Njombe.

Shikamoo mama. Ni kweli nusu. Betri ya Steam Deck ya kwanza ni ya saa-wati 40, na gemu nzito huimaliza kwa saa moja na nusu hivi au mbili. Ile yenye kioo cha OLED iliyotoka 2023 ina 50. Ila umeme ukikatika na ruta inazima, na gemu ya mashindano bila intaneti haiendi. Atahitaji bando la simu, na aunge simu kwa waya wa USB. Muulize bando litalipwa na nani.

Nikinunua kibodi nzuri, pingi itashuka? Uyole.

Hapana. Pingi ni muda wa data kwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi, na seva za Counter-Strike zilizopo Afrika ziko Johannesburg. Hakuna kibodi inayoisogeza Johannesburg karibu na Uyole. Unachoweza kutuliza ni kipande cha mwisho, kutoka ruta hadi kwako: tumia waya badala ya Wi-Fi.

Kuna gemu ambayo mwenye kibodi ndiye anayenyanyasika?

Zipo, na ningependa vijana wa mkononi wazipende zaidi. Gemu za magari: kibodi inajua kukata kona yote au kutokata kabisa, analogi inakata robo, nusu, unavyotaka. Za mpira, wengi wetu tumekulia kwenye pedi za mabanda ya gemu, vidole vinakumbuka. Na Street Fighter 6 inachezeka vizuri kwenye Steam Deck, wala hakuna shabaha ya kulenga.

Makambako baridi ya Juni inanifanya vidole vife ganzi. Nifanyeje?

Shika kikombe cha chai ya moto dakika chache kabla ya mechi, vaa glavu zilizokatwa ncha, na uweke viwiko juu ya mto, maana gramu 669 za Steam Deck ya kwanza zinachosha mikono iliyopoa. Kifaa chenyewe kisikupe wasiwasi, baridi hiyo feni yake inaifurahia. Usikifunike tu na blanketi.