Korosho haiondoi sumu kwenye povu

Swali: Mwalimu, nina karakana ya viti hapa Masasi. Nimeuziwa mafuta ya maganda ya korosho nichanganye na isosayaneti (kemikali inayounda povu) badala ya polioli ya dukani (kimiminika kinachoungana nayo), nipate sponji la asili lisilo na sumu. Muuzaji anasema hata barakoa sihitaji. Povu liliumuka, likanywea, sasa linanata. Niongeze nini?

Jibu: Usiongeze kitu. Mafuta yaliyokamuliwa bila moto yamejaa asidi anakadiki, nayo inakula isosayaneti iliyopaswa kujenga sponji. Ukiyapasha moto sana, asidi hugeuka kadanoli, lakini molekuli yake ina mkono mmoja tu wa kuishika isosayaneti. Uzi wenye ncha moja ya kufungia haufumi wavu. Viwandani kadanoli huunganishwa kwanza na kemikali nyingine, fomaldehaidi na amini, ipatikane polioli yenye mikono kadhaa. Kazi hiyo haifanyiki kwenye ndoo.

Kinachoniudhi ni hilo neno "asili". Mtu wa Mtwara au Lindi anadanganywaje na korosho? Waulize akina mama wabanguaji kwa nini hujipaka majivu mikononi: mafuta hayo yanababua ngozi. Na isosayaneti haipoi kwa sababu imekutana na mmea. Mvuke wake huleta pumu, na mwili ukishaathirika, kiasi kidogo mno baadaye kinatosha kukubana kifua. Nimeona vijana wakikoroga mikono mitupu, mlango umefungwa, kisa wameambiwa ni mafuta ya korosho! Barakoa ya kitambaa pia haisaidii. Panatakiwa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, glavu, miwani na hewa inayopita. Mabaki ya isosayaneti yakiingia maji, usifunge dumu. Yatatoa kaboni dayoksidi hadi lipasuke.

Hadaa hii haiko kwenye korosho peke yake. Kuna wanaouza povu la mbono, la soya, la muhogo, wote wakiapa kwamba halidhuru na litaoza shambani. Poliurethani, yaani sponji hili la isosayaneti na polioli, hata ikitokana na mmea inaweza kukaa ardhini miaka mingi, na ikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi kama ile iliyotokana na petroli. Njia ya kuikwepa isosayaneti ipo, kwa kukutanisha kemikali ziitwazo kaboneti za mzunguko na amini, ila huenda polepole na mara nyingi hudai joto.

Hilo linalonata usilikatie mtu godoro. Mdai muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya kila dumu. Asipokuwa nayo, mrudishie mali yake.