Laptopu ikigoma kuingia waifai ya ofisini, jua kwanza imegomea wapi

Nilirudi kazini Jumatatu baada ya likizo ya wiki tatu. Laptopu ilikuwa imelala begini muda wote huo, betri imekauka kabisa. Nikaichomeka kwenye umeme, ikawaka, nikasubiri iingie yenyewe kwenye waifai ya ofisi kama ilivyozoea. Haikuingia. Jina la mtandao lipo kwenye orodha, mawimbi yamejaa, nabofya kuunganisha, kiduara kinazunguka weee, mwisho naambiwa haiwezi kujiunga na mtandao huu. Basi. Sababu haitajwi.

Nilichofanya baada ya hapo, najua wengi mmewahi kukifanya. Niliandika nenosiri upya. Nikaliandika tena taratibu, herufi moja moja, kama namsomea mtoto imla. Nikahisi nimelisahau, nikajaribu mengine ya zamani kwenye barua pepe ya ofisi kwa simu. Mara ya tano au ya sita akaunti yangu ikafungwa, na muda si mrefu hata simu hiyo, iliyokuwa ndani ya mtandao bila shida yoyote, nayo ikatolewa nje. Nikazima laptopu, nikaiwasha. Nikahisi labda draiva ya waifai, programu inayoiendesha, imeharibika, nikaifuta, nimesahau kwamba ya kuirudishia ningeipata kwenye intaneti ileile niliyokuwa siipati. Sasa hata orodha ya mitandao ikatoweka. Kufikia saa sita mchana nilikuwa na matatizo matatu, mawili nimeyatengeneza kwa mikono yangu.

Kijana wa kitengo cha TEHAMA alipofika hakugusa kibodi. Alitazama pembe ya chini ya skrini, akacheka kidogo.

"Mzee wangu, laptopu yako inaishi mwaka gani?"

Saa ilikuwa nyuma kwa miaka kadhaa. Laptopu nyingi zina betri ndogo ya mviringo kama sarafu, kazi yake kuifanya saa iendelee kutembea hata umeme mwingine ukiisha. Yangu ilikuwa imekufa zamani bila mimi kujua, kwa sababu betri kubwa ilikuwa haijawahi kukauka kabisa hadi likizo ile.

Saa na waifai vinahusianaje? Nyumbani, ruta hukuuliza nenosiri moja ambalo familia nzima inalitumia, basi. Ofisi nyingi haziendi hivyo. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake, na kabla laptopu haijatoa siri zako inaitaka seva ya upande wa pili ijitambulishe kwa cheti cha kidijitali. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Laptopu inayoamini kwamba iko miaka kadhaa nyuma inaona cheti ambacho, kwa hesabu zake, bado hakijaanza kutumika, nayo inakikataa. Imefanya kazi yake vizuri kabisa. Iliyodanganya ni saa. Tena ni mtego wenye kejeli yake, maana saa ya kompyuta hujirekebisha kupitia intaneti, na intaneti ndiyo hiyo huipati. Ukikwama hapo, weka tarehe na saa kwa mkono, usisahau kanda ya saa, au washa intaneti ya simu kwa dakika moja laptopu ijirekebishe. Mimi nilirekebishiwa kwa mkono, draiva nikaletewa kwenye flashi, akaunti ikafunguliwa. Dakika ishirini. Asubuhi nzima niliyopoteza haikuwa na sababu.

Tangu siku ile sibadilishi kitu chochote kabla sijajua safari imekatikia wapi. Kwa sababu kuunganika ni safari: laptopu iuone mtandao, ikubaliwe mlangoni, ipewe anwani, yaani namba yake ndani ya mtandao, halafu ijue njia ya kutoka nje. Aliyekataliwa mlangoni na aliyeingia akapotea ndani wana shida tofauti, ingawa wote wawili watakwambia "waifai haishiki."

Kama jina la mtandao halionekani kabisa, maliza mambo mepesi kwanza: hali ya ndegeni, au kile kitufe chenye alama ya mnara ambacho kidole hukigusa bila kukusudia. Kama mitandao mingine unaiona isipokuwa wa ofisi, fikiria masafa ya mawimbi. Laptopu ya zamani inayojua 2.4 GHz peke yake haitaona mtandao unaorushwa kwa 5 GHz hata ukiiweka chini ya kifaa kinachourusha. Na 5 GHz hupita kuta kwa shida zaidi, kwa hiyo hata yenye uwezo nao inaweza kuuona kwenye ukumbi ikaupoteza kwenye chumba cha ndani. Tembea nayo hatua chache kabla hujailaumu.

Mlangoni ndiko kwenye visa vingi, na baada ya saa, mshitakiwa wangu wa pili ni nenosiri la zamani. Ofisi inakulazimisha kubadilisha nenosiri, unabadilisha kwenye kompyuta ya mezani, unasahau kwamba laptopu na simu bado zimehifadhi lile la mwanzo. Vifaa hivyo havikuulizi kitu. Vinabisha hodi na nenosiri bovu, tena na tena, mpaka mfumo unaifunga akaunti yako ukidhani unashambuliwa. Unafunguliwa, baada ya saa moja umefungwa tena, na mhalifu ni simu ya pili iliyolala kwenye droo. Dawa ni kuusahaulisha ule mtandao kwenye kila kifaa, kisha kuingia upya. Na ukikataliwa mara mbili kwa nenosiri ambalo una hakika nalo, acha. Mara ya tatu haikupi habari mpya, inakusogeza tu karibu na kufungiwa.

Kuna ofisi zinazosajili vifaa kwa anwani ya maunzi, ile ya MAC, namba ya utambulisho ambayo kila kifaa huzaliwa nayo. Simu za iPhone kuanzia iOS 14, na Android nyingi kuanzia toleo la 10, huweka anwani ya kubuni badala ya ile halisi ili usifuatiliwe ovyo, na Windows nayo ina mpangilio wa namna hiyo. Ni jambo jema ukiwa uwanja wa ndege. Kwa ofisi iliyokusajili kwa anwani halisi, wewe ni mgeni. Zima mpangilio huo kwa mtandao wa ofisi peke yake, mitandao mingine uiache kama ilivyo.

Jambo moja hapa silifanyii mzaha. Laptopu ikikuuliza ghafla kama unaamini cheti ambacho haikijui, usibofye "ndiyo" ili mambo yaishe. Mtu yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina kama la ofisi yenu na kusubiri wenye haraka wampe majina na manenosiri yao. Piga simu, uliza kama cheti kimebadilishwa. Kama kimebadilishwa watakwambia.

Sasa tuseme imekubaliwa, inasema imeunganika, lakini hakuna intaneti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tafuta mstari wa anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, umeshapata jibu: laptopu iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe. Amri ya ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew huilazimisha iombe upya. Ikishindikana, uliza waliochelewa kufika kama nao wamekwama. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani zisizozidi 254 za kugawa, na siku hizi mtu mmoja anaingia ofisini na laptopu, simu mbili na saa ya mkononi. Waliowahi wanapata, waliochelewa wanakaa na 169.254 zao. Hapo hata ukifuta nini kwenye laptopu yako hutapona. Mwenye mtandao ndiye wa kuongeza anwani, au kupunguza muda ambao kifaa kinaruhusiwa kuishikilia.

Kinyume chake pia hutokea. Mwenzangu mmoja alihangaika siku mbili na laptopu iliyokuwa ikifanya kazi alikotoka lakini si kwetu. Kumbe kazini alikotoka walimwekea anwani kwa mkono, akahama nayo. Ukirudisha mpangilio wa kupewa anwani moja kwa moja, kwisha.

Anwani ikiwa nzuri na kurasa hazifunguki, andika ping 8.8.8.8, yaani bisha hodi kwenye seva ya DNS ya Google huko nje uone kama itajibu. Kukiwa na majibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, shida iko kwenye DNS, kitabu cha kutafsiri majina kuwa namba. Jaribu ipconfig /flushdns. Angalia pia VPN (njia ya siri ya kupitia intaneti) uliyosahau kuizima, na seva ya proksi (ya kati, inayopitisha maombi yako) iliyobaki kwenye mipangilio. Ushauri maarufu wa kuweka DNS ya 8.8.8.8 kwa mkono mimi siupendi kwa laptopu ya kazi. Intaneti itarudi, ndiyo, lakini mifumo ya ndani ya ofisi ambayo majina yake yanajulikana na seva ya ofisi tu itatoweka, na wiki ijayo utakuwa na tatizo jipya usilokumbuka chanzo chake.

Na kile kitufe cha kuweka upya mipangilio yote ya mtandao kiache kiwe cha mwisho kabisa. Kinafuta mitandao yote uliyohifadhi, na programu za VPN huenda zikahitaji kuwekwa upya. Draiva nayo, usiifute kabla hujawa na nakala yake kwenye flashi. Mimi ni shahidi.

Ukishindwa, waite TEHAMA, ila usiwaandikie "mtandao haufanyi kazi." Miezi michache baada ya kisa cha saa, laptopu iligoma tena. Safari hii niliwaandikia hivi: "Naona mtandao, nakataliwa kabla ya kupewa anwani, tangu saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili. Saa ya laptopu ni sahihi. Simu inaingia kwa akaunti ileile. Nimejaribu mara moja tu." Nikaambatisha picha ya ujumbe wa kosa.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Cheti cha seva kilikuwa kimebadilishwa usiku, na laptopu chache, yangu ikiwemo, hazikupokea kipya. Wakanielekeza nichomeke kebo ya mtandao kwenye meza ya jirani, cheti kikashuka chenyewe, nikachomoa.